Kinyago Kitishacho Ili Kilinde: Jando la Wayaka

Askari yeyote aliyepitia kambi ya mafunzo anafahamu kwamba hofu ikiongozwa kwa busara huzaa utii, na utii huokoa maisha. Wayaka, wakaao nchi ya mto Kwango, kusini-magharibi mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wameiweka hekima hiyo katika vinyago vya jando lao, liitwalo n-khanda.

Vijana hutahiriwa, kisha hutengwa na kijiji na kukaa kambini chini ya uangalizi wa wazee. Zamani kukaa huko kuliweza kupita mwaka mzima. Baadaye shule zililazimisha muda upunguzwe. Humo mwari hujifunza nyimbo, ngoma, uvumilivu na kutunza siri.

Mkuu wa vinyago vyote ni kakuungu, uso mkubwa wa mti wenye mashavu yaliyovimba na kidevu kilichochomoza. Hakivaliwi na mwari, bali na mganga wa jando. Hutokea siku ya kutahiriwa na siku ya kutoka kambini, na mara nyingine katikati, ili kuwatisha wakaidi na kuwafunza heshima kwa wakubwa. Hata hivyo, adui wake hasa si mwari. Huaminiwa kwamba ndicho kiwakingacho vijana na wale wanaotaka kuwadhuru kwa uchawi, wakati ambapo hawana kinga nyingine.

Wari nao wana vinyago vyao: uso mdogo wa mti, mara nyingi wenye pua iliyopinda kuelekea juu, na juu yake kilemba cha vijiti na nguo kilichotiwa rangi, huku nyuzi za rafia zikining'inia chini. Kwa kawaida hucheza wawili wawili. Kile kiitwacho kholuka huvaliwa na kiongozi wao. Hupita vijiji hata vijiji wakicheza na kutunzwa, nao umma hushuhudia kwamba watoto wamekuwa watu wazima.

Ngoma ikiisha, vinyago vya wari vilitupwa, vilichomwa au kuuzwa, lakini kakuungu kilihifadhiwa. Vingi sasa vimo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya, kama lile la Tervuren, Ubelgiji. Mtazamaji wa huko huuona mti na rangi. Hamwoni kijana aliyelindwa.

Wahenga walinena: mchelea mwana kulia, hulia yeye. Kakuungu ni mzee asiyemchelea mwana kulia, wala hamwachi peke yake penye hatari.