Nahodha Eck na Watu wa Meli ya Peleus

Nchi ya Bulyanhulu, iliyo kati ya Kahama na Geita, i mbali na bahari, na wengi waliozaliwa huko wamezeeka bila kuonja maji ya chumvi. Hata hivyo vita vya baharini viliwahusu wao pia. Katika vita vikuu vya mwaka 1939 hata 1945, pamba ya Usukuma ilipakiwa katika gari la moshi, ikapelekwa pwani kutiwa melini. Vijana walioandikwa askari nao walipanda meli Mombasa kwenda Seilani na Burma. Tarehe 12 Februari 1944 nyambizi ya Kijapani iliizamisha meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa. Watu karibu 1,300 wakafa, na miongoni mwao walikuwamo askari wengi wa mizinga wa Afrika Mashariki.

Nyambizi ni manowari iwezayo kuzama kwa hiari yake na kuibuka tena. Ikiwa juu ya maji huendeshwa kwa injini za mafuta. Ikizama hutumia nguvu za umeme uliowekwa katika betri. Injini za mafuta haziwezi kufanya kazi pasipo hewa, na umeme wa betri hauna budi kuisha. Kwa hiyo nyambizi za siku zile ziliibuka kila mara, hasa usiku, ili kujaza betri tena. Na hapo ndipo ndege za adui zilipoweza kuziona. Manahodha wengi wa nyambizi waliogopa ndege sana.

Heinz-Wilhelm Eck alizaliwa Hamburg, Ujerumani, mwaka 1916. Aliingia katika jeshi la majini mwaka 1934, akafanya kazi katika meli za kuondoa mabomu baharini, kisha mwaka 1942 akahamia kwenye nyambizi. Mwaka 1943 alipewa nyambizi mpya iliyoitwa U-852, yenye urefu wa futi 287, iliyotengenezwa kwa safari ndefu. Ndani yake kulikuwa na tiara ya ajabu yenye mapanga yazungukayo: baharia mmoja aliketi juu yake, ikavutwa kwa kamba nyuma ya nyambizi mpaka ikapaa, naye akatazama mbali kutafuta meli.

Tarehe 18 Januari 1944 Eck aliondoka Kiel kwenda Bahari ya Hindi. Alikuwa ameonywa kwamba nyambizi nyingine za namna ya yake zilipotea katika Bahari ya Atlantiki ya kusini, kwa sababu ya ndege.

Usiku wa tarehe 13 Machi aliiona meli ya Kigiriki, Peleus, iliyotoka Freetown kwenda Amerika ya Kusini, yenye watu 35. Aliipiga kwa topido mbili, ikazama mara moja. Mpaka hapo alifanya kama manahodha wengine wa vita walivyofanya. Lakini watu kadha walikuwa hai bado, wameshika vyelezo na vipande vya mbao. Eck alifikiri kwamba asubuhi ndege zitaviona vyelezo vile, na kujua kuwa nyambizi i karibu. Basi akaamuru vipigwe kwa bunduki za rashasha mpaka vizame, naye alijua kwamba watu wamo. Mabomu ya mkono yakatupwa pia. Kazi hiyo ilichukua muda wa saa tano hivi, wala vyelezo vyote havikuzama. Watu watatu waliishi juu ya maji siku zaidi ya 35, mpaka meli ya Kireno ilipowaokoa tarehe 20 Aprili.

U-852 ikaizunguka Afrika ya kusini, na karibu na Cape Town ikaizamisha meli ya Kiingereza, Dahomian. Kisha ikapanda kaskazini, nje ya pwani yetu hii ya mashariki. Tarehe 2 Mei ndege za Waingereza zenye kituo Aden ziliikuta juu ya maji penye pwani ya Somalia, zikaipiga hata haikuweza kuzama tena vema. Siku ya pili Eck aliipandisha pwani karibu na Bandar Beyla. Watu saba walikufa, na 59 wakakamatwa, wengine kwa mikono ya askari wapanda ngamia wa Somaliland. Wajerumani walijaribu kuivunja nyambizi yao kwa baruti, lakini daftari ya safari haikuteketezwa. Waingereza wakaisoma, wakajua nyambizi hii ilikuwa wapi usiku ule wa Machi.

Hukumu ilifanyika Hamburg, mji ule ule aliozaliwa Eck, mwezi wa Oktoba 1945, mbele ya baraza ya kijeshi ya Waingereza pamoja na maofisa wa Kigiriki. Eck hakumtupia mwingine lawama: alisema kwamba amri ilikuwa yake mwenyewe, na kwamba alitaka kuokoa nyambizi yake na watu wake. Lakini ikiwa aliogopa kuonekana, kwa nini alikaa saa tano mahali pale badala ya kukimbia gizani? Adalbert Schnee, nahodha wa Kijerumani mwenye sifa kubwa, alipoulizwa angalifanya nini yeye, hakusema kwamba angaliwapiga watu wale.

Wanne wengine walishtakiwa pamoja naye, nao walijitetea kwamba walitii amri. Baraza ilijibu kwamba askari hutii amri iliyo halali, na kwamba kuwapiga watu waliovunjikiwa na meli, wasio na silaha, ni jambo ambalo hata mtu asiye na elimu angejua kuwa si halali. Mmoja wa hao alikuwa Walter Weispfennig, daktari wa nyambizi, ambaye kazi yake ilikuwa kuponya. Mwingine, fundi mkuu Hans Lenz, aliikataa amri mbele ya Eck kwanza. Baadaye akashika bunduki yeye mwenyewe.

Lenz alihukumiwa kifungo cha maisha, na baharia Wolfgang Schwender miaka 15. Eck, Weispfennig na ofisa August Hoffmann walipigwa risasi tarehe 30 Novemba 1945. Eck alikuwa na umri wa miaka 29, na safari ile ya U-852 ndiyo pekee aliyoiongoza akiwa nahodha wa nyambizi.