Shoka Lenye Jembe: Jinsi ya Kulitambua

Mtu apekuaye ghala la zamani, au fungu la vyuma vichakavu, huenda akaokota kifaa cha ajabu: upande mmoja ni shoka, upande wa pili ni jembe jembamba, na katikati pana tundu la mpini. Wengi hukiita sururu tu, wakakitia pamoja na sururu nyingine. Lakini vifaa vya namna hii ni vya jamaa mbili, na mtu asiyejua kuzitenga aweza kukiharibu kifaa kizuri kwa kazi ya siku moja.

Tazama kwanza tundu, wala usianze na makali, maana makali hupungua na kubadilika kwa kunolewa miaka mingi, bali tundu hubaki vile vile. Sururu ya kung'olea visiki ina tundu kubwa lenye chuma kinene pande zote. Mpini wake hupitishwa kutoka juu, ncha nyembamba ikitangulia, mpaka kichwa chake kinene kikwame. Na kila pigo huzidi kuukaza. Hauhitaji kabari. Tundu la shoka ni jembamba na refu, na mpini huingizwa kutoka chini, kisha hupigiwa kabari juu.

Basi ukiona tundu la shoka, makali ya shoka yaliyo mapana na membamba yawezayo kukata mti, na nyuma yake jembe la upana wa inchi 3 hivi, hicho si sururu. Kifaa hicho huitwa Pulaski. Chuma chake peke yake huwa na uzito wa ratili 3 na nusu au zaidi kidogo. Shoka la sururu, kwa upande wake, ni fupi, nene na butu, kwa kuwa limekusudiwa kukata mizizi ndani ya udongo na mawe.

Jina hilo latokana na Edward Pulaski, mlinzi wa misitu ya Serikali ya Marekani katika mji wa Wallace, jimbo la Idaho. Mwezi wa Agosti 1910 upepo mkali uliichochea mioto mingi ya misitu kwa wakati mmoja, na kwa siku mbili ziliteketea ekari zipatazo milioni 3, watu zaidi ya 80 wakafa. Pulaski alizingirwa na moto pamoja na watu wapatao 45. Akawaongoza gizani mpaka kwenye shimo la machimbo lililokwisha kuachwa, akasimama mlangoni na bastola mkononi, akaapa kumpiga yeyote atakayejaribu kutoka. Wote walizimia kwa moshi. Kulipokucha wachache walikuwa wamekufa, lakini wengi sana walitoka wazima. Yeye mwenyewe aliumia macho na mapafu.

Pulaski alijua pia kazi ya uhunzi, na kufikia mwaka 1913 alikuwa amekikamilisha kifaa chake. Fikira yenyewe haikuwa ngeni, kwa kuwa kampuni ya Collins ilitoa kifaa kilichofanana nacho mwaka 1876. Lakini ni yeye aliyekifaa watu wa moto. Porini, mahali pasipo na maji, moto huzuiwa kwa kufyeka ukanda mpaka udongo mtupu uonekane. Jembe hukwangua majani makavu, na shoka hukata mizizi ambayo moto ungeweza kupita ndani yake, na mtu hulazimika kuchukua kifaa kimoja tu akipanda mlima. Mwaka 1920 Idara ya Misitu ya Marekani ilianza kukiagiza viwandani.

Sugua kutu polepole kwa msasa na mafuta ya taa, utafute alama. Jina la Collins peke yake si ushahidi, kwani lilipigwa juu ya vifaa vya kila namna. Herufi FSS zilikuwa za idara ya ununuzi ya Serikali ya Marekani iliyokuwa chini ya ofisi iliyoundwa mwaka 1949. Kwa hiyo mwuzaji akikuambia kuwa kifaa chenye alama hiyo ni cha siku za Pulaski mwenyewe, usimlipe bei ya kitu cha makumbusho.

Ukitaka kukitumia, usikitie chini ya jiwe au kisiki ukakibinua kama mtaimbo. Kazi hiyo ni ya sururu. Mpini wa Pulaski utakatika penye tundu. Noa kwa tupa, si kwa jiwe la mashine liendalo mbio, maana joto hulegeza chuma cha makali. Tena kumbuka kwamba ukiinua jembe, makali ya shoka yakuelekea wewe usoni. Simama miguu ikiwa imeachana, na mwenzako akae mbali nawe hatua kadha.