Nywila ya Ofisi Haina Mwenyewe

Katika ofisi moja ya wakala wa forodha hapa Tunduma, nilikuta nywila ya barua pepe imeandikwa kwa maka peni na kubandikwa pembeni ya skrini: jina la mji, mwaka, alama ya mshangao. Wanaijua vijana wanne, na wa tano aliyekwisha kuacha kazi. Sikuwacheka. Foleni ya malori inaelekea Nakonde, ng'ambo ya mpaka, dereva anafoka, mteja yuko Dar es Salaam anadai nyaraka. Nani atahangaika kukumbuka herufi kumi na mbili?

Nywila ni neno, na neno likishasikika halirudi. Kompyuta ya chuo cha MIT, Marekani, ilianza kuzitumia mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1962 mtafiti Allan Scherr akachapa orodha nzima ya nywila za wenzake ili ajipatie muda zaidi wa mashine.

Siku hizi, badala ya nywila, upo ufunguo wa siri. Simu yako hutengeneza funguo mbili zinazooana: mmoja hubaki siri kwako, wa pili hupewa tovuti. Unapoingia, tovuti hutuma fumbo jipya, nayo simu hulijibu ukishaweka kidole. Alama ya kidole haiendi popote, tofauti na ile tuliyoitoa tukisajili laini. Kuli ambaye vidole vyake vimesuguliwa na magunia ataweka PIN ya simu, basi. Tena ufunguo hufanya kazi kwenye anwani yake tu, hivyo tovuti feki ya benki haijibiwi hata kama mfanyakazi amedanganyika. Matapeli wa “ile hela tuma kwenye namba hii” tutabaki nao, lakini wa viungo vya uongo watakosa cha kuiba.

Hakuna pia kusubiri meseji ya tarakimu sita, na hilo si dogo mpakani, ambako simu huweza kudaka mtandao wa Zambia bila kukuuliza, meseji ikachelewa.

Anzeni na barua pepe, maana anayeishika huweza kubadilisha nywila za akaunti nyingine nyingi kupitia humo. Google na Microsoft wanaupokea ufunguo huu. Kila mfanyakazi awe na akaunti yake, ili akiondoka ifungwe yake peke yake. Sajilini vifaa viwili, simu isije ikaibwa stendi mkabaki nje. Kisha ibandueni ile karatasi.