Kutoka ustawi wa jamii hadi mwanasaikolojia: njia ikoje?

Mpanda. Mtoto akifanyiwa ukatili kijijini, taarifa hufika kwa mtendaji, ikaenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, kisha kwa afisa ustawi wa jamii. Afisa huyo humtafutia mtoto mahali salama, huzungumza na familia na kuandaa taarifa ya mahakamani. Lakini kesi inaweza kumalizika na mtoto bado hataki kuongea, anashtuka usiku na amekataa shule. Hapo anahitajika mwanasaikolojia. Ndiyo maana baadhi ya maafisa ustawi hujiuliza: kwa nini nisisomee mwenyewe?

Kazi hizi zinatofautianaje?

Afisa ustawi hushughulikia mazingira ya mtu: nyumba, matunzo, ndoa, haki. Majukumu yake mengi kuhusu watoto yamo katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Mwanasaikolojia tiba huchunguza hali ya akili na hisia za mtu, kisha humtibu kwa mazungumzo yenye utaratibu maalumu, kikao baada ya kikao. Yeye haandiki dawa. Dawa ni kazi ya daktari wa magonjwa ya akili.

Kwa hiyo shahada ya ustawi wa jamii, hata kama ndani yake kuna masomo ya saikolojia, haimfanyi mtu kuwa mwanasaikolojia. Semina ya wiki moja ya ushauri nasaha haimfanyi pia.

Hatua za kufuata

Mwenye stashahada aanze na shahada ya kwanza. Kwa kawaida vyuo vikuu hutaka stashahada yenye wastani wa GPA 3.0 au zaidi, pamoja na ufaulu wa kidato cha nne. Vigezo vya kila kozi vimo katika mwongozo wa udahili wa TCU.

Mwenye shahada tayari atafute uzamili. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Dar es Salaam, kinafundisha uzamili wa saikolojia tiba. Kabla ya kulipa ada, uliza chuo kwa maandishi kama kinapokea shahada ya ustawi wa jamii. Uliza pia utafanya mazoezi kwa vitendo hospitali gani na chini ya msimamizi gani. Kozi isiyokukutanisha na wagonjwa haitakufundisha kutibu.

Vipi kuhusu leseni?

Jirani zetu Kenya walitunga sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia mwaka 2014, na wataalamu hao husajiliwa na bodi. Hapa kwetu, wataalamu wa afya shirikishi wamo katika sheria ya mwaka 2017 pamoja na madaktari. Anayetaka kutibu hospitalini aliandikie mapema Baraza la Madaktari Tanganyika, aulize shahada anayoitaka inasajiliwa kwa masharti gani. Jibu hilo alihifadhi.

Mtumishi wa halmashauri, soma hapa

Pata ruhusa ya mwajiri kwanza. Ukirudi na cheti kipya, cheo hakibadiliki chenyewe. Kubadilishiwa kada kunahitaji kibali, na nafasi iwepo kwenye ikama. Zungumza na afisa utumishi kabla ya kuondoka, usije ukarudi na uzamili ukaendelea na kazi ileile kwa mshahara uleule.

Kwa nini jambo hili linatuhusu?

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulionesha kuwa Katavi iliongoza nchini kwa mimba za utotoni: asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamezaa au ni wajawazito. Wengi wao wanahitaji mtu wa kuwasikiliza kitaalamu, na kutoka Mpanda hadi Muhimbili ni zaidi ya kilomita 1,000.

Afisa aliyezunguka Mishamo, Katumba au Karema anajua lugha ya watu na aibu zinazowafunga midomo. Akiongeza utaalamu wa tiba na akarudi, mkoa umepata mtu wa maana.

Na wewe msikilizaji, mtu akijiita mwanasaikolojia, usione haya kumuuliza amesomea wapi na amesajiliwa na nani. Kama ni mtoto aliye hatarini, usisubiri: piga 116 bure.