Utelezi wa Kijani na Mazutu Mtoni



Kila anayefua nguo kando ya Oso au Lowa anaujua ule utelezi wa kijani unaoshika mawe. Ndio mwani. Wako wanaosema mwani unakula mafuta, kwa hiyo mazutu ikimwagika karibu na garaji si neno, mto utajisafisha. Usemi huo una ukweli, lakini nusu tu.

Mwaka 1991, wakati wa vita vya Ghuba, mafuta mengi yasiyosafishwa yalimwagwa baharini huko Kuwait, yakapaka fukwe za Saudi Arabia. Haukupita muda mrefu, juu ya weusi ule ukaota mwani mzito kama mkeka. Wataalamu walipouchunguza waliona kwamba walaji hasa ni bakteria, vidudu wasioonekana kwa macho, waliojificha ndani ya utelezi. Mwani huwapa nyumba, na mchana, jua likiwaka, huwapa oksijeni. Ni kama mchimbaji na mwenzake anayemsukumia hewa shimoni: hewa ikikatika, kazi inalala.

Na kazi hiyo ni ya pole mno. Zaidi ya miaka 10 baadaye, mafuta yalikuwa bado yamo chini ya mchanga wa fukwe zile, mahali hewa isipofika.

Sisi wa Masisi na Walikale hatuchimbi mafuta, lakini tuna motere, malori na mapipa ya mazutu. Mazutu ikitanda juu ya kijito huzuia hewa, na mwani wenyewe unaweza kufa pamoja na samaki. Oili chafu ya motere ni mbaya zaidi: imebeba chembe za vyuma, na chuma hakiliwi na kidudu.

Basi oili ibadilishwe mbali na maji, ikingwe kwa beseni. Mazutu ikimwagika, izungushie udongo, imwagie unga wa mbao, zoa, tia ndani ya pipa lenye kifuniko. Usiisukume kwa maji ya sabuni. Sabuni huyavunja mafuta vipande vidogo na kuyapeleka mbali, hata kwa ndugu wanaokunywa Lowa huko chini.

Mama, maji yanayong'aa rangi za upinde wa mvua msiyachote. Kuyachemsha hakuondoi mafuta. Na pipa lililowekwa mazutu lisitiwe maji ya kunywa, hata likisuguliwa mara ngapi.