Telefone mkononi, daftari sandukuni



Juma hili tuzungumze juu ya kuandika. Wengine watasema hayo ni mambo ya walimu na watoto wa shule. Lakini tutazame siku moja tu ya mama anayeuza ndagala hapa Uvira. Asubuhi anatafuta namba ya mteja wake wa Bujumbura. Saa sita anapokea mesaji ya pesa. Jioni anatuma picha ya kitenge kwa dada yake aliye Baraka. Katika siku hiyo moja amekutana na maandishi mara nyingi kuliko nyanya yake kwa mwezi mzima. Na yule asiyejua kusoma anafanya hayo yote pia, ila kwa macho ya mtu mwingine. Hapo ndipo penye shida.

Barua zilivyokuwa

Walio wakubwa wanakumbuka mwaka 1996. Vita viligawa jamaa zetu. Wengine walivuka ziwa mpaka Kigoma, wakapelekwa katika kambi ya Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka huo, na wengine wakabaki huku. Habari ilipita kwa barua iliyowekwa mkononi mwa msafiri, au kwa karatasi ya Msalaba Mwekundu. Karatasi hiyo haikufungwa ndani ya bahasha. Ilisomwa kabla ya kupelekwa, na iliruhusu habari za jamaa tu: nani yuko hai, nani amezaa, nani ametutoka. Jibu lilikuja baada ya siku nyingi, nalo lilihifadhiwa chini ya godoro kama mali.

Mama asiyejua kuandika alikwenda kwa mwalimu au kwa katekista, akasema maneno yake, naye akayaandika. Kila siri yake ilipita kwanza katika sikio la mtu mwingine.

Miaka ya 2000 telefone za mkono zikaenea. Mesaji moja ya kawaida inabeba alama 160, pamoja na nafasi zilizo kati ya maneno. Ukizidisha, unalipa mesaji mbili. Ndiyo maana vijana walijifunza kufupisha Kifaransa: « slt », « bjr », « cv ». Haukuwa uvivu, ilikuwa hesabu ya inite. Leo tunanunua mega na mpaka huo umeondoka, lakini mazoea yamebaki, na sisi walimu tunayakuta katika makaratasi ya mitihani. Tusiwagombeze watoto bure. Tuwaambie kwamba kuna nguo ya shamba na nguo ya sherehe, na maandishi ni vivyo hivyo. Kwa rafiki andika « slt », kwa mkuu wa shule andika neno zima.

Sauti imefungua mlango

Tangu mwaka 2013 WhatsApp inaruhusu kutuma sauti. Kwa mama zetu wengi hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko mesaji zote za maandishi. Bibi anabonyeza, anasema, anaachilia, na mjukuu wake aliye mbali anamsikia akicheka. Hahitaji katekista tena.

Tena anasema kwa lugha yake. Shuleni tunafundisha kuandika Kifaransa na Kiswahili. Kifuliiru, Kivira na Kibembe ni wachache kati yetu waliozoea kuziandika. Kwa sauti, lugha hizo zimeingia katika telefone bila kuomba ruhusa kwa mtu. Mtoto aliyezaliwa ugenini anasikia methali za nyumbani, na anaweza kuzisikiliza hata mara kumi. Hilo tunalisifu kwa moyo wote.

Mahali sauti isipotosha

Lakini kuna mambo ambayo sauti haiyawezi. Katika kikundi kimoja cha akiba tunachokijua, mama mmoja alituma sauti kwa mweka hazina: « Nimekutumia pesa, niandikie aksio tatu. » Aliandikiwa moja. Baadaye telefone ya mweka hazina iliibwa, na ile ya mama mwenyewe ilikuwa imejaa, watoto wakafuta sauti za zamani. Siku ya kugawana, mmoja alisema tatu, mwingine alisema moja, na daftari lilikuwa na alama moja. Waliuza pamoja miaka mingi. Leo hawasalimiani sokoni.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Vikundi vyetu vya akiba vilijengwa juu ya akili hiyo. Mtindo huu wa AVEC ulianzia Niger mwaka 1991, vijijini, kati ya wanawake ambao wengi wao hawakujua kusoma. Kwa hiyo walio wengi wanatumia kijitabu chenye mihuri: aksio moja, muhuri mmoja. Asiyejua herufi anahesabu mihuri yake kwa kidole. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu. Pesa zinahesabiwa mbele ya wote. Tukianza kutuma pesa na maneno kwa telefone kati ya watu wawili tu, tunaondoa macho ya wengine, na macho hayo ndiyo yaliyokuwa ulinzi wetu.

Namba ya siri

M-Pesa iliingia Kongo mwaka 2012, na mitandao mingine ina huduma ya namna hiyo. Pesa inafika bila mtu kuibeba njiani, na hilo ni jambo jema. Lakini mesaji ya kuthibitisha inakuja mara nyingi kwa Kifaransa, na tarakimu zake ni nyingi: kiasi kilichoingia, gharama, salio. Mama asiyesoma anampa telefone kijana wa kibandani, mara nyingine na namba ya siri pia. Zamani alimpa katekista siri ya moyo. Leo anampa mtu asiyemjua ufunguo wa sanduku.

Wezi wanalijua hilo. Wanapiga simu na kusema: « Mama, nimekutumia pesa kwa makosa, nirudishie. » Mesaji wanayotuma imetoka kwa namba ya mtu wa kawaida, na salio halijabadilika. Anayejua kusoma salio lake haibiwi kwa njia hiyo.

Karatasi nayo ina adui

Hatusemi turudi nyuma. Usiku wa Aprili 2020, Mulongwe ulipofurika, nyumba nyingi zilikwenda na kila kilichokuwa ndani, hata vyeti vya watoto. Telefone nayo ina siku zake mbaya. Mwisho wa Desemba 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchini kote karibu majuma matatu. Aliyeweka kila kitu upande mmoja aliumia. Kwa hiyo tunapendekeza haya:

1. Salamu na habari ziende kwa sauti. Pesa, deni na makubaliano yaandikwe katika daftari, mbele ya watu wawili au zaidi.
2. Kila mwisho wa mkutano, ukurasa wa daftari upigwe picha na itumwe kwa wanachama watatu wasiokaa avenue moja.
3. Vyeti vya kuzaliwa na vya shule vipigwe picha pia, na karatasi zenyewe zifungwe katika mfuko wa plastiki, mahali pa juu.
4. Namba ya siri asipewe mtu yeyote, hata mtoto wa nyumbani. Kijana wa kibandani haihitaji ili kukuwekea pesa.
5. Kabla ya mkutano, tutumie nusu saa kusomeshana. Tuanze na tarakimu, kisha jina la mtu, kisha maneno machache ya mesaji ya pesa: umepokea, umetuma, salio.

Hiyo nusu saa ndiyo tunayoitaka kuliko yote. Mama aliyejifunza kusoma salio lake mwenyewe hatishwi na simu ya mwongo, wala hamsumbui mtoto wa jirani usiku. Kila mmoja wetu anayejua kusoma achague mwenzake mmoja, waketi pamoja, na somo la kwanza liwe telefone ya huyo mwenzake.