Programu ya Kukagua Makato ya Mshahara



Sheria ya Uganda inataka mfanyakazi akatwe asilimia 5 ya mshahara wake kwenda NSSF, yaani mfuko wa akiba ya uzeeni, na mwajiri aongeze asilimia 10 kutoka mfukoni mwake. Anayelipwa shilingi 300,000 hukatwa 15,000, mwajiri huongeza 30,000, jumla 45,000. Tangu mwaka 2022 wajibu huo unamhusu hata mwajiri mwenye mfanyakazi mmoja tu.

Kukagua hesabu hizo kwa kalamu, kwa watu mia mbili, ni kazi ya kutwa. Programu fupi ya lugha ya Python huimaliza mara moja.

Tuseme programu hiyo imeandikwa Mbarara mjini, kwenye kompyuta yenye intaneti, kisha ikapelekwa kwa flashi hadi kambi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kwenye kompyuta kuukuu isiyo na intaneti. Mwandishi alitaka pia ichore chati, hivyo mwanzoni kabisa akaagiza ipakie moduli iitwayo matplotlib. Moduli ni furushi la kazi zilizokwisha kuandikwa. Furushi hili haliji pamoja na Python. Hupakuliwa peke yake. Kompyuta ya Nakivale haina. Basi programu itakwama hapo hapo, kabla ya kujumlisha hata shilingi moja, ingawa mkaguzi hakuhitaji chati.

Dawa ni kuweka sharti:

if chaguo.chati:
    import matplotlib.pyplot as plt

Maana yake ni hii: mtumiaji akiandika --chati mwishoni mwa amri yake, moduli ipakiwe, asipoandika, iachwe. Mwashi anayekwenda kupiga plasta habebi mashine ya kuchomelea. Tena programu huanza upesi zaidi, jambo linaloonekana wazi kwenye kompyuta dhaifu.

Lakini tuangalie mambo matatu.

Kwanza, sharti huficha upungufu. Programu yaweza kufanya kazi miezi mitatu, kisha ikakwama siku chati inapotakiwa mbele ya mwajiri. Kwa hiyo sharti liwekwe mara tu baada ya kusoma amri, kabla ya hesabu kuanza, na programu ijaribiwe kwa kila chaguo.

Pili, moduli ikikosekana, programu iseme waziwazi. Ikamate kosa la ImportError na iandike: «Matplotlib haipo hapa, hesabu itaendelea bila chati.» Isinyamaze, mtu akadhani chati imechorwa.

Tatu, moduli zinazohitajika kila mara, kama csv inayosoma orodha ya majina na mishahara, na ambayo huja na Python yenyewe, zibaki juu, ili anayepokea programu azione mara moja.

Ndugu, hesabu za makato ni haki yetu. Chombo cha kuzikagua kisishindwe kwa kukosa pambo.